Uzi: Kumfundisha mpigaji wa besiboli kuzungusha mwili, si kurusha mikono

MwalimuUyole

Kamwene wa Iringa na Njombe, mwagonile wa Rungwe na Kyela, na wengine wote heshima kwenu.

Nafungua uzi huu kwa ajili yetu sisi wachache tunaofundisha besiboli na softiboli huku Nyanda za Juu. Tuzungumzie kitu kimoja tu: namna ya kuzungusha gongo. (La kupigia. Wanywaji tulieni.) Kurusha na kudaka kutapata uzi wake.

Shida ni ileile kila uwanja. Kijana ana mabega, gunia anabeba, lakini mpira akiugonga unaondoka kama umesukumwa na mlango. Mwili wake umezoea jembe, shoka na kupura maharage. Kazi zote hizo zinatoka juu kwenda chini, na mikono ndiyo inayoanza. Ukimpa gongo, anapasua kuni.

Mfano anaouelewa haraka ni kombeo, lile la kufukuzia ndege kwenye mpunga kule Usangu. Mkono unazunguka duara dogo, jiwe linazunguka duara kubwa kwa muda uleule, kwa hiyo jiwe halina budi kwenda kasi kuliko mkono. Ukiusukuma mkono mbele mstari mnyoofu, kamba inalegea na jiwe linaning'inia. Gongo ni hivyohivyo. Mikono ikibaki kwenye duara, kichwa cha gongo kinachomoka chenyewe. Mikono ikikimbilia mpira, kichwa cha gongo kinabaki nyuma kinaburutwa.

Mpangilio ni huu, na hauruki hatua: kisigino cha mbele kinatua, nyonga zinageuka, kifua kinafuata, mikono inabebwa na kifua, gongo linamalizia. Naeleza kwa mpigaji wa kulia, ambaye mbele ni kushoto. Wa kushoto ageuze.

Kusimama: miguu ipanuke mara moja na nusu ya upana wa mabega. Magoti yalegee, kiuno kijikunje kidogo kuelekea sahani (ile alama ya chini ambayo mpira unarushwa kupita juu yake), uzito uwe sehemu ya mbele ya wayo na si kwenye visigino. Gongo likae kwenye vidole, lisizame kiganjani. Akilikaba mpaka misuli ya mkono imesimama, vifundo vimekufa na gongo halitachomoka.

Kujikusanya: mrushaji anapoinua mguu, mpigaji anaupeleka uzito ndani ya paja la nyuma, bega la mbele linaingia ndani nyuzi 10 hadi 20, mikono inarudi mpaka usawa wa bega la nyuma. Goti la nyuma lisitoke nje ya wayo. Likitoka, mwili mzima unayumba upande wa mdakaji, anayekaa nyuma ya sahani, na kurudi kunachelewa.

Hatua: sentimita 10 hadi 15 zinatosha. Vidole vinagusa kwanza, kisigino kinafuata. Hicho kisigino ndicho swichi.

Hapo sasa. Kisigino kinapogonga chini, nyonga zimeshaanza kufunguka lakini mabega bado yamefungwa. Mwambie mtoto afikirie anavyokamua kanga: mkono mmoja unakwenda huku, mwingine unabaki. Mkazo unaojengeka kiunoni kwa sehemu ndogo ya sekunde ndio nguvu yote ya pigo. Nyonga na mabega vikigeuka pamoja, hajakamua kitu.

Kisha goti la mbele linanyooka na mguu unakazika. Nyonga zinapunguza mwendo, kifua kinapokea na kuongeza kasi, kifua nacho kikipunguza mikono inapokea. Kila sehemu inasimama ili inayofuata ikimbie. Kwa hiyo mguu wa mbele ukilegea, mnyororo wote umelegea.

---

KihesaKwetu

Mwalimu, uzi mzuri, ila nina neno. Makocha wengi wanafundisha kinyume: "Peleka mikono moja kwa moja kwenye mpira, shusha gongo." Na vifaa na mafunzo ya besiboli hapa nchini kwa sehemu kubwa yametoka Japani, ambako mashuleni kushusha gongo kumefundishwa miaka mingi. Wote wamekosea?

---

Nyuzi10

Hawakukosea kila kitu, ila tupige hesabu.

Mrushaji wa watoto akiwa mita 14, mpira wa kilomita 80 kwa saa unaachiwa karibu mita 12.5 kutoka sahani. Unafika baada ya sekunde 0.56 hivi. Mvuto wa dunia kwa muda huo unaufanya ufike ukiwa unashuka kwa pembe ya takribani nyuzi 10. Kwa wakubwa, mita 18.44 na kilomita 145 kwa saa, pembe ni ndogo zaidi, nyuzi 6 hivi, kwa sababu muda ni takribani sekunde 0.4 tu.

Kama mpira unashuka nyuzi 10 na wewe unashusha gongo nyuzi 10, njia hizo mbili zinakatana sehemu moja tu. Ukiwahi kidogo, gongo linapita chini ya mpira na unapaa juu juu. Ukichelewa, unagonga juu ya mpira na unatambaa, au umeukosa. Gongo likipanda taratibu kwenye njia ileile ambayo mpira unashukia, vinakuwa pamoja kwa kipande kirefu, na kosa la muda linasameheka. Gongo lina kipenyo kisichozidi sentimita 6.6 na mpira una sentimita 7.3 hivi. Hakuna nafasi ya kubahatisha.

Hoja hii si ya jana. Ted Williams, mpigaji wa ligi kuu ya Marekani aliyemaliza msimu wa 1941 na wastani wa kupiga wa .406, ndiye aliyeisimamia: gongo lipande kidogo, nyonga ziongoze. Upande wa pili alikuwepo Charley Lau, kocha wa mpigaji George Brett, aliyesisitiza kuhamisha uzito kwenda mbele. Ukitazama picha za wapigaji wa pande zote mbili, wote wanahamisha uzito kwanza, halafu wanazunguka. Ugomvi ulikuwa zaidi kwenye maneno ya kufundishia.

Kauli ya "shusha" ina kazi moja: mtoto anayechota mpira kama anateka maji kisimani, ukimwambia ashushe, anakuja katikati. Ni dawa ya ugonjwa huo. Usimpe asiyeumwa.

---

KihesaKwetu

Nimekuelewa mkuu. Na mguu wa nyuma je? Wengine wanasema "zima kipisi cha sigara", yaani usage chini kwa vidole vya mguu.

---

MwalimuUyole

Hiyo ni hatari kuliko kushusha gongo, maana inaonekana nzuri kwa macho. Anayezima kipisi anauacha uzito juu ya mguu wa nyuma, halafu anazunguka hapohapo. Nyonga ya nyuma haiwezi kuja mbele, inajizungusha tu kama pia.

Sahihi ni kwamba mguu wa nyuma unageuka kwa sababu nyonga imeuvuta. Unakuwa mwepesi, ncha ya kiatu inaburuta chini sentimita chache kwenda mbele, soli inaangalia nyuma. Jaribio lake: akishapiga, mwambie aunyanyue mguu wa nyuma bila kuyumba. Akishindwa, uzito haukuhama. Kwenye uwanja wa vumbi wakati wa kiangazi huna hata haja ya kumwuliza, alama inakwambia. Kashimo ka duara maana yake amezima kipisi. Mstari mfupi kwenda mbele, safi.

---

SeremalaMafinga

Naongeza upande wa vifaa, maana nusu ya makosa mnayoyataja yanaletwa na gongo lenyewe.

Wenzetu wanachonga kwa mti wa ash, maple na birch: migumu lakini si mizito. Sisi huku tuna paina na mkaratusi. Paina ni nyepesi na inachongeka, ila ni laini. Mpira wa ngozi unaibonyeza na shingo inakatika. Iwe ya mazoezi ya hewani na mipira ya soksi tu. Mkaratusi unastahimili, lakini uchague kipande chepesi kilichokauka taratibu kivulini. Ukichongwa mbichi unapinda na kupasuka. Mpingo msiuguse kwa kazi hii, mti wenyewe unazama majini.

Angalia nyuzi za mbao: zinyooke kutoka kitako hadi kichwa. Zikikatiza kwenda pembeni pale shingoni, litavunjika hapo na kipande kitaruka kwa mtu.

Vipimo: mtoto wa miaka 12 hivi, urefu sentimita 76, uzito gramu 600 hadi 700. Mtu mzima sentimita 84, karibu gramu 850 hadi 900. Kipimo cha haraka ni kulishika kitakoni kwa mkono mmoja, kulinyoosha pembeni usawa wa bega na kuhesabu hadi 20. Kichwa kikianza kushuka kabla, ni zito kwake. Msimpe kwa matumaini kwamba atakua nalo.

---

MwalimuUyole

Asante fundi, umenifungulia njia ya makosa. Haya ndiyo yanayokula muda, na kocha anatakiwa ayasome kwenye mpira kabla ya kumtazama mtoto.

Kubwa kuliko yote ni kiwiko cha nyuma kupita mbele ya mikono. Mtazame ukiwa upande wa kifua chake. Mwili ukianza kugeuka, kiwiko cha kulia kinakimbilia kitovuni wakati gongo bado limelala nyuma ya bega. Kikishapita kitako cha gongo, hana tena pa kuzungushia, anabaki kuburuta. Mpira utakwenda upande wa kulia, dhaifu, hata ule wa kasi ndogo aliokuwa na muda nao. Sababu ni gongo zito, au kocha aliyesema "bana kiwiko ubavuni" na mtoto akatii kupita kiasi. Tiba: gongo jepesi, na mkono wa juu ukiuvuta mpini kidogo kuelekea nyuma mwanzoni mwa mzunguko, ili kichwa cha gongo kianze safari kwa kurudi upande wa mdakaji badala ya kuning'inia. Kiwiko kinashuka kukaa karibu na mbavu huku kifua kikigeuka. Kiwiko na kifua viende pamoja, asikitangulize kiwiko.

La pili ni kufungua bega la mbele mapema. Mpira wa nje ya sahani anaukosa au anaukwangua kwa ncha, na mzuri wa ndani anautupa nje ya mstari wa kushoto. Mara nyingi chanzo si bega bali hatua: mguu wa mbele umetua ukiangalia kwa mrushaji moja kwa moja, nyonga zimeshafunguka, hakuna kilichobaki cha kukamua. Wayo utue ukiwa umefunguka nusu tu, nyuzi 45 hivi.

Kugeuza viganja mapema: mishono ya mpira inaviringika mbele, mpira unadunda hatua tatu na kumfika mlinzi wa ndani mikononi. Wakati wa kugusa mpira, kiganja cha mkono wa juu kinatazama mbinguni na cha mkono wa chini kinatazama ardhi. Kupindua kunakuja baada ya mpira kuondoka, na kunakuja kwenyewe. Usikufundishe.

Na mipira inayopaa juu juu kama njiwa: wengi wanasema "umeinamisha bega." Hapo tuwe makini. Kuna kuinama na kuna kuanguka. Kiwiliwili lazima kiiname kuelekea sahani, kutokea kiunoni, kulingana na kimo cha mpira; wa gotini unainama zaidi, wa kifuani kidogo. Mabega yanazunguka yakiwa pembe mraba na uti wa mgongo, kwa hiyo ukiinama, bega la nyuma linapita chini ya la mbele, na gongo linapanda kidogo bila mtu kuinua kitu. Hilo si kosa. Kosa ni kuegemea nyuma kwa mdakaji. Simama mbele yake, pale anapokaa mrushaji (asiwe na mpira!), utaona tofauti mara moja.

---

DadaSoftiboli

Shikamoo mwalimu. Kwa wasichana mpangilio ni huohuo, ila muda na pembe vinabadilika. Wanawake wakubwa wanarushiwa kutoka mita 13.11. Mrushaji anaachia mpira karibu na paja, mbele ya kibao anachokanyaga, kwa hiyo unasafiri mita 11 tu. Kwa kilomita 90 kwa saa ni sekunde 0.44, karibu sawa na wanaume wa besiboli kwa kilomita 145. Kwa sababu unaachiwa chini, unafika ukiwa umenyooka zaidi, hivyo gongo lipande kidogo sana.

Kinachowaangusha ni kujikusanya kwa kuchelewa. Mkono wa mrushaji ukiwa juu kabisa kwenye mduara wake, mpigaji awe ameshamaliza kurudi nyuma. Akisubiri mpira uachiwe, ameshachelewa.

---

MwalimuUyole

Marahaba dada, hilo nililisahau kabisa.

---

KihesaKwetu

Sasa tupeni mazoezi. Hatuna mashine, hatuna nyavu.

---

Nyuzi10

Huhitaji. Haya manne yanatosha kwa miezi miwili.

1. Fimbo mgongoni. Mpini wa jembe unapita nyuma ya mgongo, umebanwa na viwiko. Kocha anashika mpira hatua mbili mbele yake, kimo cha goti, kisha paja, kisha kifua. Mpigaji anajikusanya, anatua, anazunguka mpaka ncha ya nyuma ya mpini ielekee kwenye mpira. Ikielekea juu ya mpira, hakuinama. Mara 8 kwa kila kimo.

2. "Simama hapo." Anachukua hatua, kisigino kinatua, anaganda. Kagua: mkanda wa suruali umeanza kugeuka, mikono bado iko usawa wa bega la nyuma, kidevu karibu na bega la mbele. Akishaganda sawa mara tano mfululizo, ndipo amalizie pigo. Hili linachosha watoto, nalo ndilo lenye faida kuliko yote.

3. Kanga kwapani. Kanga iliyokunjwa inabanwa kwapa la mbele. Ikianguka kabla ya kugusa mpira, mkono umeachana na kifua na kombeo limekatika kamba. Ianguke baada ya mpira kuondoka.

4. Gunia la pumba. Kiroba kilichojaa pumba za mpunga kinaning'inizwa kwenye mti, usawa wa paja hadi kiuno. Anapiga na kubaki palepale. Mguu wa mbele umekazika, goti la nyuma limekunjwa, kiwiko cha nyuma kimekunjwa karibu na ubavu, viganja kimoja juu kimoja chini, macho kwenye gunia. Msitumie tairi la gari na gongo la mbao: linarudisha pigo lote kwenye vifundo.

Kisimamio cha mpira ni bomba la plastiki lililosimikwa kwenye ndoo ya zege, na juu yake kipande cha mpira wa rejeta ili gongo likikosea lisiharibike. Kuhusu mahali pa kukiweka, wengi wanakosea kwa kukiweka sehemu moja siku zote. Mpira wa ndani ukae mbele ya mguu wa mbele sentimita 15 hadi 30. Wa katikati ukae usawa wa mguu huo. Wa nje ukae nyuma yake kidogo. Mzunguko ni mmoja, kinachobadilika ni pale unapoukutia mpira. Kwa wa ndani mkono wa mbele unabaki umekunjwa, kwa wa nje unakaribia kunyooka.

Idadi: seti 5 za mapigo 8, dakika mbili za kupumzika kati ya seti. Ukizidisha 60 au 70 kwa siku, mwili umechoka na mikono inarudi kwenye shoka.

Simu inasaidia. Ile inayopiga picha 240 kwa sekunde itakupa takribani picha 36 kwa pigo la sekunde 0.15. Ya kawaida ya picha 30 inakupa 4 au 5 tu, na tukio la kiwiko linapita katikati yake hulioni. Iweke upande wa kifua chake, usawa wa kiuno, mita 5.

---

SeremalaMafinga

Usalama: mtu mwingine asiwe ndani ya mita 4 za anayezungusha. Na kofia ya bodaboda inayofunika uso si mbadala, inamzibia macho ya pembeni asiuone mpira. Bila kofia za besiboli, mrushieni mipira ya tenisi.

---

KihesaKwetu

Swali la mwisho. Nasikia mpira unaruka zaidi huku kwetu kuliko Dar. Kweli au maneno ya kijiweni?

---

Nyuzi10

Kweli. Denver kule Marekani kuna uwanja wa Coors Field, takribani mita 1,580 juu ya bahari, maarufu kwa mipira kuruka mbali mpaka tangu 2002 wanaitunza mipira kwenye chumba chenye unyevu maalumu. Iringa mjini iko karibu kimo hichohicho, na Mbeya inakaribia mita 1,700. Hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko pwani. Pigo zuri linaongezewa kama asilimia 5 ya umbali.

Kwa kocha hilo ni mtego. Mpira wa juu ambao Dar ungedakwa na mlinzi wa nje, Mbeya unampita, na mtoto anadhani pigo lake ni zuri. Hukumu mshindo na njia ya mpira mita 20 za kwanza, usihukumu pale ulipoangukia. Pia mpira wa kupinda haupindi sana huku. Timu ikishuka pwani kwa mashindano, wapigaji watapitisha gongo juu ya mpira siku ya kwanza. Fikeni siku moja mapema mrushiwe ya kupinda mingi.

---

DadaSoftiboli

Na Juni na Julai asubuhi Uyole na Makambako, msianze na mpira mgumu. Baridi ile, pigo la shingo ya gongo linaumiza vidole na mtoto anaanza kuukimbia mpira kwa kufungua bega, kosa mlilolitaja juu. Dakika 10 za kukimbia, fimbo mgongoni mara 20, ndipo washike gongo.

Masika je, mnafanyaje mpira wa ngozi ukilowa?

---

MwalimuUyole

Tunauacha kabatini. Ngozi ikinyonya maji mpira unazidi zile gramu 142 hadi 149 zake, na mishono inaachia. Masika ni msimu wa veranda: kisimamio, ukuta uliotundikwa blanketi kuukuu mita 3 mbele, na mipira ya soksi iliyofungwa kwa mpira wa tyubu. Soksi ziwe kavu, na mzikague kila siku, maana watoto hupenda kuzijaza mawe zipate uzito.